Kwa Nini Treni za New York Zinakawia?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu anafanya kazi ya kuwatunza wazee jijini New York. Mara nyingi treni ya chini ya ardhi humkawiza, na mwezi uliopita mwajiri wake alimkata mshahara kwa kuchelewa. Mimi hupanda treni ya asubuhi kutoka Githurai, nami nilidhani shida za reli ni zetu peke yetu. Imekuwaje jiji tajiri kama lile likaacha reli yake ichakae?
– Mama wa Githurai, Nairobi

JIBU: Pole sana, Mama, wewe na binti yako. Treni hizo zilianza kubeba abiria tarehe 27 Oktoba 1904, na leo zina stesheni 472. Kilichochakaa zaidi si mabehewa, ambayo kila abiria huyaona, bali mitambo ya ishara zinazomwongoza dereva, ambayo mingine ni ya miaka ya 1930. Katika chumba cha kuongozea treni cha West 4th Street, mwaka 2015 bado palikuwa na nyenzo za kuvutwa kwa mkono na nyaya zilizofungwa kitambaa, na kwa kuwa vipuri vyake havitengenezwi tena viwandani, mafundi walilazimika kuviunda wenyewe. Mitambo ya namna hiyo haijui treni ilipo hasa. Inajua tu kwamba kipande fulani cha reli kina treni, kwa hiyo ile inayofuata huzuiwa mbali nyuma. Kifaa kimoja kikiharibika, ishara huwa nyekundu na msururu mzima husimama.

Chanzo chake ni cha zamani. Nauli ilibaki senti 5 tangu 1904 hadi 1948, kwa kuwa wanasiasa waliogopa lawama za kuipandisha, na matengenezo yakakosa fedha. Waya usiobadilishwa leo haumsumbui abiria wa kesho, na hapo ndipo hatari ilipo, maana anayeahirisha kazi hiyo huwa ameshaondoka madarakani siku waya unapokatika. Mwaka 2012 Kimbunga Sandy kiliingiza maji ya chumvi katika mahandaki, na Juni 2017 Gavana Andrew Cuomo akatangaza hali ya dharura katika usafiri huo.

Anayeumia ni mtu kama binti yako. Mwenye kazi ya ofisini huenda akafungulia kompyuta yake nyumbani, lakini mzee anayesubiri kuogeshwa na kupewa dawa hawezi kuhudumiwa kwa simu. Mtunzaji anayeishi mbali hulazimika kutoka saa kumi na moja alfajiri ili awe na akiba ya saa moja, na saa hiyo, inayotolewa katika usingizi na malezi ya watoto wake, hakuna anayeilipa. Kwangu mimi huo ni wizi.

Nasi tusijisahau. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na stesheni ya Syokimau ilipofunguliwa mwaka 2012 tulishangilia jengo. Sasa tuulize pia kuhusu mataruma na ishara, kabla hatujaanza kuzoea kukawia.

Kuhusu mshahara, mwambie binti yako kwamba shirika la usafiri la New York humpa abiria, akiomba kupitia tovuti yake, uthibitisho kwamba treni yake ilichelewa. Aombe wa siku ile aliyokatwa, kisha ampelekee mwajiri.