Usipa na upepo: jibu la mchuuzi wa Mwanjelwa

Mkuu, umeuliza kama mikondo ya maji kweli inafanya dagaa wajae mwezi huu na kupotea mwezi ujao, au ni porojo za wachuuzi za kupandishia bei. Mimi nauza dagaa soko la Mwanjelwa, Mbeya. Porojo tunazo, ila hili ni kweli.

Nililijua kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza nilishuka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa kule Kyela, na hela ya magunia sita ya usipa, dagaa wa ziwa hilo, nikarudi na sado mbili, yaani vindoo viwili. Mwera, upepo mkali wa kusini-mashariki, ulikuwa unavuma, mitumbwi yote iko mchangani. Mzee mmoja akanicheka: "Mwanangu, acha ziwa likorogeke. Lisipokorogeka, samaki watakula nini?"

Alijua analosema. Chakula cha usipa ni planktoni, yaani vijidudu vinavyoelea, navyo hula vijimea vidogo mno. Vijimea hutaka mwanga, ambao uko juu, na mbolea, ambayo huzama na mabaki ya viumbe. Nyasa ina kina cha mita 700 hivi, na chini ya mita 250 hivi hakuna hata oksijeni. Mbolea imelala humo kama mahindi kwenye ghala lililopotezewa ufunguo. Mwera, Mei hadi Agosti, husukuma maji ya juu yaje huku kwetu kaskazini. Kule kusini, upande wa Malawi, maji ya chini hupanda kuziba nafasi, na mbolea hupanda nayo. (Ule "moshi" wa kungu, vile visubi vya ziwani, unaouona juu ya ziwa nao umetoka humo: funza wao hula vijidudu vilevile vya usipa.)

Baharini ni hivyohivyo, kwa ukubwa zaidi. Wakati wa kusi, upepo wa msimu utokao kusini, pwani ya Somalia hupandisha maji baridi yenye mbolea tele. Pwani yetu haina bahati hiyo. Mkondo unaopita kwetu kwenda kaskazini ni wa maji ya vuguvugu, mbolea kidogo. Na mwaka 1972 El Niño, yaani bahari kupata joto kupita kawaida, ilipozuia maji yenye mbolea kufika juu huko Peru, uvuvi wa dagaa wao ulianguka, ingawa walikuwa pia wamevua kupita kiasi.

Ila usisingizie mkondo kila kitu. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti samaki. Siku hizo hata nipigiwe simu kwamba ziwa limejaa, Kyela sishuki.