Mlango unaokwama masika: kupiga randa bila kuuharibu

Mlango wa mbao ukianza kukwama msimu wa mvua, shika bisibisi kabla ya randa. Mara nyingi skrubu za bawaba ya juu zimelegea, mlango umeinama, na pembe ya juu upande wa kitasa ndiyo inayosugua fremu. Kaza, kisha ujaribu tena.

Bado unakwama? Paka chaki kwenye fremu, funga, fungua. Chaki itahamia pale panapogusa, na hapo tu ndipo pa kupunguza. Mbao ikinyonya unyevu hutanuka kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno, ndiyo maana ubavu ndio unaosumbua. Acha uwazi wa milimita 2 hadi 3. Ukizidisha, kiangazi mbao itasinyaa na mbu watapita wanavyotaka.

Kisu cha randa kinolewe kwa digrii 25 hadi 30, na kitokeze kidogo sana. Maranda yanasema kila kitu: yakitoka membamba na kujikunja, endelea, yakitoka unga, kisu ni butu. Randa ikirukaruka, kisu kimetokeza mno au hakijakazwa. Mbao ikichanika badala ya kukatika, unakwenda kinyume na nyuzi zake, geuza upande. Kwenye mvule uwe macho, maana mara nyingine una vijiwe vya chokaa ndani vinavyomega kisu.

Ng'oa mlango, usimamishe kwa ubavu, uubane usicheze. Ukianza kusukuma, kandamiza mkono wa mbele. Ukikaribia mwisho, hamishia nguvu mkono wa nyuma. Usipofanya hivyo miisho italika kuliko katikati.

Ukingo wa juu ndio unaowaumbua wengi. Kwenye pembe zake vimetokeza vichwa vya mbao mbili za kusimama, za kushoto na kulia mwa mlango, na randa ikisukumwa kuelekea nje inabandua kipande kizima. Anzia pembeni uje katikati, kila upande kwa zamu yake.

Kama kuna kingi cha kuondoa, ni afadhali ule upande wa bawaba, kisha uongeze kina cha vitanda vya bawaba, yaani vishimo zinamolala kwenye ubavu wa mlango, kwa patasi. Ukila upande wa kitasa, uso wa kitasa, lile bamba la chuma la ubavuni, utabaki umetokeza.

Malizia na msasa namba 120, halafu vanishi siku hiyo hiyo, hata ukingo wa juu na wa chini ambao mafundi wengi huuacha mtupu kwa kuwa hauonekani. Unyevu huingilia hapo.