Kagua kila faili kabla hujapakia gemu, hasa zile ambazo hukutengeneza wewe

Gemu yangu ya tatu ilishushwa siku ya nne tu baada ya kuitoa. Naamka asubuhi nakuta imeili ya mistari mitano kutoka duka nililoipakia, akaunti imesimamishwa, sababu: maudhui ya chuki. Nikaisoma tena na tena. Gemu yenyewe ni ya kuunganisha mabomba ya maji, haina hata mtu mmoja ndani, sasa chuki imetokea wapi jamani?

Nilihangaika siku mbili mpaka nikaipata. Kuna pakiti ya picha za kuta nilinunua, matofali, kuta zilizobabuka rangi, picha zaidi ya mia, na kwenye ukuta mmoja kulikuwa na maandishi ya rangi ya kupuliza kwa lugha nisiyoijua, mimi nikaona ni mapambo tu. Kumbe ni maneno ya kutukana watu wa asili fulani, na anayeisoma ile lugha angeshtuka papo hapo. Sikuandika mimi, lakini gemu ina jina langu, na mtu aliyeumia hajali niliinunua wapi ile picha, na ana haki kabisa.

Kitu nilichokuja kuelewa baada ya pale ni kwamba mfumo wa duka unaokagua hauchezi gemu yako. Unaona vipande vipande, picha moja, neno moja, ikoni, skrinishoti. Wewe unajua yule jamaa aliyelala chini kwenye skrinishoti amerogwa tu na ataamka hatua inayofuata, ila roboti anaona mwili na doa jekundu pembeni, basi. Kwa hiyo na wewe kagua vipande, usikague gemu.

Siku hizi nikinunua au kupakua pakiti yoyote nafungua kila picha kwa ukubwa wake kamili, maandishi yote napitisha kwenye tafsiri, sauti nazisikiliza mpaka mwisho maana kuna mtu anaweza kuwa anaongea nyuma ya muziki. Inachosha lakini fanya. Na angalia alama pia, sio maneno peke yake. Wengi hatujui kwamba msalaba mwekundu kwenye uwanja mweupe sio ikoni ya dawa ya kila mtu kuitumia anavyotaka, ni alama inayolindwa na Mikataba ya Geneva, yaani sheria za kimataifa za vita, na 2017 watengenezaji wa gemu ya kujenga magereza, Prison Architect, waliandikiwa na Msalaba Mwekundu wa Uingereza kwa sababu ya kialama kidogo tu kwenye gari la wagonjwa, wakakibadilisha kuwa kijani. Weka kijani toka mwanzo.

Halafu kuna mabaki. Hapa naomba unisikilize vizuri. Ukificha kitu kwenye gemu hujakifuta, faili lipo na litaonekana. 2005 gemu ya Grand Theft Auto: San Andreas ilikutwa na sehemu ya ngono ambayo ilikuwa imezimwa lakini msimbo wake wa programu umebaki ndani, watu wakaifungua, na ESRB, bodi ya Marekani inayopanga gemu kwa umri, ikapandisha daraja la gemu kutoka M (miaka 17 na zaidi) mpaka la watu wazima tu, maduka makubwa yakaitoa kwenye rafu. Sisi wadogo mabaki yetu ni ya kawaida zaidi, picha uliyookota kwenye intaneti ukaiweka kwa muda mpaka uchore ya kwako, mazungumzo ya majaribio uliyoandika usiku ukiwa na hasira, logi, yaani faili la kumbukumbu za programu, yenye maneno machafu. Mimi sasa natengeneza folda safi ya kutolea, naingiza faili zinazotumika tu, halafu natafuta ndani yake kila neno ambalo nisingependa mgeni alisome.

Majina nayo yana mtego wake kwa sisi tunaoandika Kiswahili. Nilikuwa na hatua inaitwa "Mashitaka", ikakataliwa, nikashangaa, kumbe katikati ya neno kuna herufi nne ambazo kwa Kiingereza ni tusi. Shida hii ni ya zamani, 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe Uingereza walishindwa kufungua akaunti kwenye huduma ya intaneti ya AOL kwa sababu kama hiyo hiyo. Na wewe ukiweka kichujio cha matusi kwenye chati ya wachezaji wako kuandikiana, usitafute kipande cha neno, tafuta neno zima, la sivyo utamfungia mtu aliyeandika "kumaliza". Ukishaweka chati yenyewe, weka na njia ya kuripoti na ya kumzuia mtu, App Store ya Apple wanadai hivyo na hata wasingedai wachezaji wako wanastahili.

Fomu ya umri, ile duka linayokuuliza gemu ina nini ndani ili wajue ni ya umri gani, jibu kwa kile kilichomo, sio kile ulichokusudia. Kama kuna damu hata ya katuni, sema ipo.

Ukishafungiwa, usiandike rufaa siku hiyo hiyo. Ya kwanza niliandika aya tano za uchungu, nikajibiwa kwa sentensi moja kwamba uamuzi haubadiliki. Ya pili ilikuwa fupi, nikataja jina la faili, nikaeleza limetoka wapi, nimelifuta, na toleo jipya ni namba fulani, nikaambatanisha picha ya kabla na baada. Mtu anayeisoma ana rundo mbele yake, mrahisishie kazi. Akaunti ilirudi baada ya siku kumi na moja.

Muuza pakiti naye nilimwandikia nikamwonyesha ule ukuta, akautoa siku ile ile na akasema atawaandikia wote walioinunua kabla yangu, maana wengine gemu zao zilikuwa bado hewani na hakuna aliyekuwa ameona.