Chuchu zinatoa damu, na mama mkwe anasema maziwa hayatoshi

*Shangazi, shikamoo. Nina mtoto wa kwanza, ana wiki tano. Nilidhani kunyonyesha ni jambo linalokuja lenyewe, kumbe ni mateso. Chuchu zimepasuka, zinatoa damu, na mtoto akianza kulia na mimi nalia. Ananyonya kila baada ya saa moja, na jioni haachi kabisa. Mama mkwe anasema maziwa yangu ni mepesi, nimpe maji na maziwa ya kopo ashibe. Mume wangu yuko kimya. Nikiacha kunyonyesha nitakuwa mama mbaya?*
*Mama Kichanga*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kujifungua, na pole sana kwa maumivu.

Nianze na hizo chuchu, maana mtu hawezi kuamua jambo kubwa huku anaumia. Kuuma kidogo siku za mwanzo hutokea kwa wengi. Kutoka damu mpaka wiki ya tano ni dalili kwamba kuna kitu cha kurekebisha, kwa hiyo anayekuambia uvumilie tu hakusaidii. Mara nyingi chanzo ni jinsi mtoto anavyoshika titi. Akishika chuchu tupu, anaibana kati ya ulimi na kaakaa, ngozi inachubuka, na maziwa hayatoki vizuri. Anaachia akiwa hajashiba, na baada ya muda mfupi anataka tena.

Jaribu hivi. Mgeuze mwili mzima akuelekee, tumbo lake liguse lako, asipinde shingo. Chuchu ielekee pua yake. Subiri afungue mdomo kwa upana, kisha mlete yeye kwenye titi, wewe usiiname kumfuata. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ugeukie nje, na sehemu kubwa ya lile eneo jeusi la kuzunguka chuchu iingie mdomoni, hasa upande wa chini. Maumivu yakiendelea, usimvute: ingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake aachie, uanze upya. Akimaliza, paka matone ya maziwa yako kwenye chuchu, uyaache yakauke.

Hata hivyo maelezo ya kusoma hayatoshi. Mwombe mkunga akutazame ukinyonyesha tangu mwanzo hadi mwisho, na amkague mtoto chini ya ulimi, kwani wengine huzaliwa na utando mfupi unaowazuia kushika vizuri. Na ukipata homa, au sehemu ya titi ikawa nyekundu, ngumu na ya moto, nenda siku hiyohiyo. Usiache kunyonyesha titi hilo, labda mhudumu akuelekeze vinginevyo.

Sasa hilo la maziwa mepesi. Maziwa ya mama karibu sehemu tisa kwa kumi ni maji, kwa hiyo ni kweli huonekana mepesi, hasa yanayotangulia. Mafuta huongezeka kadiri maziwa yanavyopungua kwenye titi. Na kwa kuwa maziwa yako tayari yana maji mengi, mtoto wako hahitaji maji mengine, hata kukiwa na joto kali. Maji hujaza tumbo dogo bila kumlisha, na yasipokuwa safi humletea kuhara. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha chakula kianze huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24 ni kawaida kwa umri wake, na wengi jioni hung'ang'ania titi mfululizo. Kilio chake hakiwezi kukuambia kama maziwa yanatosha. Angalia nepi: zikilowa mkojo 6 au zaidi kwa siku, anapata. Hukuniambia uzito wake, na hilo ndilo ningependa kulijua kuliko yote. Mpeleke akapimwe wiki hii. Kama anaongezeka vizuri, maziwa yapo. Kama haongezeki, wahudumu watafute sababu mapema, na wakikuambia umwongezee maziwa ya kopo kwa muda, mwongezee bila kuona haya. Ninachokuomba ni usianze kopo kwa hofu tu, kwa sababu matiti hutengeneza maziwa kadiri yanavyonyonywa. Kila chupa inayochukua nafasi ya titi hupunguza yanayotengenezwa.

Nenda kliniki na mama mkwe, asikie majibu mwenyewe. Naamini anampenda mjukuu wake. Mume wako mwambie waziwazi unachotaka: ambebe mtoto na kumcheulisha usiku ulale, na mama yake akisema jambo, ajibu yeye. Huenda yuko kimya kwa kutojua la kufanya.

Kunyonyesha kunamkinga mtoto na kuhara, nimonia na maambukizi ya masikio, na kwako kunapunguza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari. Nayataja ili ujue kwa nini inafaa kujaribu tena ukiwa na msaada. Ukijaribu ikashindikana, ukachanganya au ukaacha, wewe si mama mbaya. Mtoto anayelishwa maziwa ya kopo yaliyoandaliwa kwa usafi na kwa vipimo sahihi, akapakatwa na kupendwa, ana mama.

Kuna jambo moja limenikaa moyoni. Umesema akilia na wewe unalia. Machozi ya siku chache baada ya kujifungua hupita, lakini wewe uko wiki ya tano. Kama hupati usingizi hata mtoto akilala, au huoni furaha kwa lolote, mweleze muuguzi siku hiyo mnayopima uzito. Hali hiyo ina matibabu. Na yakikujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri kliniki: mwamshe mume wako hata iwe usiku wa manane, akupeleke hospitali.