Karma Siyo Fimbo ya Kumchapia Adui Yako

Juzi msomaji kaniandikia: “Dada, shikamoo. Aliyenidhulumu kajenga, mimi bado napanga. Hiyo karma mnayoisema iko wapi?” Nikacheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo nililala nalo miaka 3.

Mnaonifuata mnajua nauza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Mwaka 2019 mwenzangu tuliyechanga naye mtaji alibeba milioni 2 na laki 4 za mzigo, akahamia visiwani. Sikwenda polisi. Kazi yangu ikawa kumrushia vijembe kwenye status: “Malipo ni hapa hapa.” Niliposikia injini ya mtumbwi wake imeibwa, nilinunua soda ya baridi nikamshukuru Mungu. Ndivyo nilivyokuwa, mniwie radhi.

Aliyenivuruga ni mzee mmoja wa Kihindi anayeniuzia magunia mjini. Nilimpa habari kwa furaha: “Mzee, karma imemkuta!” Akamaliza kwanza kuhesabu magunia. “Mama, karma maana yake ni kitendo. Chake anacho yeye. Chako kiko wapi?” Akanieleza kwamba kwao tendo ni kama mbegu, laweza kuota maisha haya au yajayo, na kwamba Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, inasema una haki ya kutenda, siyo ya kudai matunda. Baadaye nikasoma kuwa Buddha aliiweka karma kwenye nia yenyewe. (Mimi ni Mkristo, sijahama dini, msianze.)

Kwenye nia ndipo niliponaswa. Baada ya kuibiwa nilikuwa nachanganya: juu ya gunia dagaa wa chanja, yaani walioanikwa juu ya vichanja, weupe wanang'aa, chini wale walioanikwa mchangani. Mama mmoja wa Mabatini alirudi na sado yake, akachota kiganja, akawapuliza. Dagaa wachache, mchanga tele. Nikamjibu, “Sasa mama, ziwa lina sakafu ya vigae?” Watu wakaangua kicheko. Yeye alifunga kanga yake akaondoka.

Kwa hiyo ndugu yangu, acha kuchungulia nyumba ya mwenzio imefika lenta au imefika bati. Fungua gunia lako, tena mwaga mpaka chini. Uliyemkosea unamjua, usijifanye umemsahau. Roho haikui kwa status, haikui kwa kufunga na kuomba huku mizani yako imechezewa! Nasema na nyie wafanyabiashara wenzangu hasa.

Mimi nilimtafuta yule mama wiki ya mbalamwezi, wakati taa hazivuti dagaa, mitumbwi imelala na mwaloni pamepoa. Nikampelekea sado mbili za chanja. Hakunikaribisha ndani. Alichukua ungo, akawapepeta wote mbele yangu, taratibu, ndipo akasema asante.

Ila milioni zangu 2 na laki 4 bado nazitaka. Kama unasoma hapa, shemeji, namba yangu ni ileile.