Anza na wimbo unaoweza kuuimba: kwa wadogo zangu mnaoanza kupapasa kinanda

Wadogo zangu, nimeshindwa kunyamaza. Kila nikipita chumba cha mazoezi jioni nakuta mambo yale yale. Mmoja anarudia mistari miwili ya mwanzo ya Für Elise, kile kipande cha piano cha Beethoven, akifika sehemu ya pili anasimama, anarudi mwanzo. Mwingine kawasha stailo, zile ngoma za kinanda zinazojipiga zenyewe, zinapiga nne nne, na wimbo aliouchagua unakwenda matatu matatu (6/8), basi mkono na ngoma vinagombana mpaka anazima kwa hasira. Wa tatu kaegemeza simu kwenye kinanda, anatazama vile vijiti vya rangi vinavyoanguka kwenye video, vidole vinafuata rangi, masikio yako likizo. Halafu miezi michache baadaye kinanda kinafunikwa kitambaa na mwenyewe anasema hana kipaji. Kipaji mnacho, nawasikia mkiimba. Wimbo ndio mnaokosea kuuchagua, na hilo linarekebishika leo hii.

1. Chagua wimbo unaoweza kuuimba wote bila kinanda.

Uimbe ukiwa unaosha vyombo, ubeti na kiitikio, mpaka mwisho. Maneno yakikutoka si tatizo, weka la-la-la. Sauti ya wimbo ikikupotea, huo wimbo bado hujaujua, na ukikaa nao kwenye kinanda hutajua ni lini kidole kimekosea. Mwalimu yuko nawe saa moja kwa wiki. Siku nyingine zote anayekusahihisha ni sikio lako, nalo haliwezi kusahihisha kitu lisichokijua.

Ndiyo maana mwanafunzi mpya huwa nampa Mungu Ibariki Afrika, mkono wa kulia peke yake. Sauti yake ilitungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897, na leo inaimbwa katika nyimbo za taifa za Tanzania, Zambia na Afrika Kusini. Umeiimba mstarini shuleni kila asubuhi. Ukigusa fa mahali pa mi, hata mtoto aliyeko chumba cha pili atainua kichwa. Mwanafunzi anayecheka mwenyewe baada ya kukosea, kabla sijasema neno, huyo ameshaanza kujifunza.

2. Jiulize wimbo umebebwa na nini.

Hapa ndipo wengi mnakata tamaa bila kujua sababu. Unaupenda Sina Makosa wa Les Wanyika, na nani asiyeupenda. Unatafuta kodi zake, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, unazipata upesi, unapiga, unajiuliza mbona haunogi. Utamu wa wimbo ule uko kwenye gitaa la ridhimu na besi yanavyojibizana, wewe ukaupiga kodi nzimanzima kwa mikono miwili. Umeuondolea kila kinachoufanya uwe wenyewe. Siku moja utaweza kuutengeneza upya kwa piano, mkono wa kushoto ukibeba besi ile na wa kulia ukivunja kodi kama ridhimu, lakini siku hiyo si wiki hii.

Nyimbo nyingi za Bongo Fleva za kuchezea ziko hivyo hivyo: biti ndiyo imebeba, sauti inazunguka noti tatu nne. Ukiziweka kwenye kinanda peke yake zinakuwa nyepesi mno. Chukua zile za mapenzi, za polepole, ambazo mtu akiimba bila chombo chochote bado unatulia kusikiliza.

3. Nyimbo tatu za wazungu na Wamarekani weusi zinazofundisha kazi nyingi.

Lean on Me wa Bill Withers, 1972, kwenye ufunguo wa C, yaani do yake ni C. Mkono unapanda C, D, E, F, kisha unashuka njia ile ile, na umbo la kodi mkononi halibadiliki, unasogea tu. Vitufe vyeupe vitupu. Withers mwenyewe alieleza kwamba aliupata akiwa anapandisha na kushusha vidole kwenye piano, na ukiupiga unamwelewa.

Let It Be wa Beatles, 1970, nao kwenye C. Kodi ni C, G, Am (A maina, ile yenye sauti ya huzuni), F, mpangilio utakaokutana nao maisha yako yote. Msiruke ile sehemu besi inaposhuka fa, mi, re, do mwishoni mwa mstari. Naona mnaipiga kodi moja hapo na kupita. Hapo ndipo mkono wa kushoto unapojifunza kwamba nao unaimba.

Stand by Me wa Ben E. King, 1961. Kwenye rekodi uko A, nyinyi upelekeni C kwanza: C baa mbili (baa ni fungu la mapigo manne), Am baa mbili, F baa moja, G baa moja, C baa mbili, unazunguka hivyo mpaka mwisho. Kwa kuwa kodi hazikusumbui tena, akili yote ipeleke kwenye besi.

4. Video za vijiti vinavyoanguka.

Hili linaniuma, na nitalisema kwa kirefu kwa sababu naliona likiwajia nyinyi hatua kwa hatua.

Wimbo wangu wa kwanza nilioujifunza "kikamilifu" ni Someone Like You wa Adele. Ulivuma 2011, kila redio ilikuwa inaupiga, na ule mwanzo wake wa piano tupu ulinishika moyo. Wimbo wenyewe uko kwenye A, shapu tatu (vitufe vyeusi vitatu), na mkono wa kulia haupumziki: noti za kodi moja moja, nne kwa kila pigo, tangu mwanzo. Mimi sikujua hata kodi ya A imeundwa na noti zipi. Nilijua kijiti hiki kinaanguka hapa na kile kinaanguka pale. Maneno ya Kiingereza niliyajua nusu, na sauti ya katikati ya ubeti sikuwahi kuiimba hata mara moja. Nilipunguza mwendo wa video, nikafuata, nikarudia, nikaongeza mwendo. Vidole vikashika. Nyumbani wakasema kijana anapiga piano.

Ikafika sendofu ya binamu yangu. Ukumbini kulikuwa na kinanda cha bendi, na mama mdogo akamnong'oneza MC kwamba tuna mtoto wetu hapa anajua. Nilianza vizuri, watu wakatoa simu. Kwenye kiitikio cha pili wakapita na keki mbele yangu, macho yakahama kidogo tu, kidole kikatua kitufe cha jirani. Mpiga kinanda anayejua wimbo wake anashika kodi inayofuata na kuendelea, hakuna atakayegundua. Mimi sikujua kodi inayofuata ni ipi kwa sababu kichwani kwangu hazikuwapo kodi, ilikuwapo njia moja ya kupita na mlango wake ulikuwa mwanzoni. Nikaanza upya. Nikafika pale pale, nikakwama pale pale, safari hii keki ikiwa imeshapita zamani.

Ukumbi ulikaa kimya. Shangazi yangu, Mungu amjalie, akainuka kuniokoa. Akaanzisha Malaika kwa sauti yake mwenyewe, kina mama wakaupokea, akanigeukia akanipa ishara ya mkono: tusindikize. Malaika! Wimbo niliouimba tangu mdogo, ambao kodi tatu za msingi zinaweza kuubeba. Sikujua shangazi yuko ufunguo gani, wala namna ya kuutafuta. Nikagusa C, haikukubali. Nikagusa G, haikukubali. Nikaondoa mikono nikaiweka mapajani, na ukumbi wote ukaimba bila mimi mpaka mwisho, nikiwa nimekaa mbele yao kwenye kiti cha mpiga kinanda.

Shangazi hakunisema. Kesho yake tukiwa tunakusanya masufuria aliniambia, "Baba, ule wa kwanza ulikuwa mzuri. Ila sisi tulitaka kuimba."

Kwa hiyo shikeni hili ambalo sikulijua siku ile. Mtu akianzisha wimbo, msikilize mpaka mwisho wa ubeti bila kugusa kitu. Nyimbo nyingi za kuimbwa na watu humalizikia kwenye do. Ishike noti hiyo ya mwisho kwa kuiguna, itafute polepole kwenye kinanda, ukiipata jenga kodi yake: do, mi, so. Hapo ndipo nyumbani. Kodi nyingine mbili ziko fa na so, ziko palepale kila ufunguo. Sasa ingia, kwa sauti ndogo, na besi kwanza. Malaika niliujifunza upya kwenye F, nikauhamishia G, nikauhamishia B fleti, na kina mama wakianzisha wimbo siku hizi wananikuta.

Video siwakatazi. Tazameni mtu halisi anayepiga, muone mkono unavyokaa na pedali inavyokanyagwa, halafu zimeni simu.

5. Karatasi za solfa ni hazina mnayoikalia.

Nyinyi wengi mmetoka kwaya. Nyumbani mna mafungu ya karatasi zilizotolewa kopi mpaka herufi zimefifia, juu imeandikwa Do = F, chini yake mistari minne: soprano, alto, tenor, besi. Nukta mbili zinatenganisha mapigo, kistari kinavuta noti. Mnazisoma kwa mdomo bila shida kisha mnakuja kwangu kuuliza nyimbo rahisi zinapatikana wapi! Mkono wa kulia upige soprano, wa kushoto upige besi. Ukishaweza hivyo, ongeza alto kwenye mkono wa kulia. Umeshapata mpangilio kamili, uliotungwa na mtu anayejua sauti zinavyosikilizana, wa wimbo unaoupenda tayari. Na kwa kuwa do inahama, juma hili upige ukiwa F, juma lijalo G. Karatasi ni ile ile.

Niliwahi kumpa kijana mmoja kazi hii, mwimbaji wa tenor, mbishi kweli. Akaniambia wimbo wa kwaya hauna ladha kwenye piano, anataka nyimbo za redioni. Nikamwambia apige tenor yake tu kwa mkono wa kushoto na soprano kwa wa kulia. Alipofika pale sauti mbili zinaposogeleana kabla ya kumaliza, akatoa mikono, akauliza, "Kumbe ndiyo hii tunayoimbaga?" Alikuwa ameimba mstari ule tangu ajiunge na kwaya bila kuwahi kuusikia ukikutana na mwingine. Alibaki mpaka mlinzi akaja na funguo.

6. Mapambio, na ile 6/8.

Pambio ni fupi, linarudiwa, kodi tatu zinatosha, na mtu yeyote aliye karibu ataingia kuimba. Faida kubwa ni kwamba ukikosea mzunguko huu, mzunguko unaofuata unakuja baada ya sekunde chache, hakuna sababu ya kusimama. Hesabu kwanza kwa kupiga paja. Ukihisi mapigo mawili makubwa, kila moja likiwa na matatu ndani yake, hiyo ni 6/8, kama chakacha ya Pwani, na stailo ya nne nne haitakufaa. Zima stailo. Kwa kweli zimeni stailo zote mpaka mguu wako uweze kutunza mwendo wenyewe.

7. Madogo madogo.

Kitufe cha transpozi, kile kinachohamisha ufunguo chenyewe, msikiguse mwaka wa kwanza. Siku mtakapokuta piano ya mbao hakipo. Pedali ikanyagwe baada ya kodi kubadilika, na iachiwe kila kodi mpya inapoingia. Kinanda cha vitufe 61 kinatosha kwa nyimbo zote nilizozitaja, msisubiri cha 88. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, iwekeni 60 kwa dakika na msione aibu. Umeme ukikatika, imbeni besi.

8. Taarabu.

Mdogo wangu mmoja wa Unguja kaniuliza, na swali lake ni zuri. Anza na nyimbo zilizo kwenye hijazi, moja ya ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, vidole vitaipata karibu ilivyo. Bayati, ngazi nyingine ya aina hiyo, ina noti inayokaa katikati ya kitufe na kitufe, na piano haina noti hiyo, ndiyo maana ukipiga unasikia kitu kimepungua na kosa si lako. Vipo vinanda vilivyotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu ambavyo hurekebishwa noti hiyo. Ukikipata kimoja, kaa karibu na mpiga fidla mzee akuongoze sikio.

Jumamosi kila mtu aje na wimbo mmoja, wa kwake, asiusome popote. Nitawaambia muuimbe kwanza mkiwa mmesimama, mikono nyuma, halafu kila mmoja anionyeshe do yake iko wapi. Tutaanzia hapo. Anayetaka kuleta Adele alete, ila aje akiwa amejua kodi zake kwa majina.