Kusoma uuguzi wa jamii Japan na kufanya risechi ya wazee: jibu refu kwa mleta uzi

Mkuu mleta uzi, salama? Umeuliza vitu vitatu kwa mpigo: eti ni kweli Japan wazee wanatunzwa na maroboti, nesi wa Bongo akienda kusoma mastaz ya uuguzi wa jamii kule anaweza kufanya risechi ya wazee ikawa na maana, na je ukimaliza unaweza kubaki ukapiga kazi. Naona wachangiaji wa juu wamejibu kwa mambo ya mitandaoni, mmoja kaleta na video kabisa. Mimi nimesoma kule, upande wa kaskazini-mashariki kwenye theluji, mada yangu ilikuwa wazee wanaoishi peke yao, na manesi wao walinizungusha sana vijijini, kwahiyo nitakujibu kwa nilichokiona.

Maroboti tuyamalize haraka. Yapo, hasa kwenye maonesho na baadhi ya vituo vya wazee, ila kwenye nyumba za watu nilizoingia sikuliona. Niliyemuona ni mama wa makamo anaendesha kigari kidogo, begi la mashine ya presha siti ya pembeni, anakata barabara za theluji anaingia nyumba moja baada ya nyingine, na kila nyumba anajua nani ana sukari, nani kafiwa na mume, mtoto wa nani yuko Tokyo na hapigi simu. Huyo ndo hokenshi. Usimchanganye na kangoshi, huyo ndo nesi wa wodini tunayemjua. Hokenshi ana leseni ya unesi na juu yake ana leseni nyingine, sheria yao ni moja ya mwaka 1948 pamoja na wakunga, na wengi wameajiriwa na halmashauri. Yeye hapewi wodi, anapewa eneo.

Na eneo lenyewe limezeeka haswa. Wenye miaka 65 kwenda juu ni kama asilimia 29 ya nchi nzima, na vijijini nilikokuwa ni zaidi ya hapo, shule zimefungwa zimegeuzwa kumbi za wazee. Tangu mwaka 2000 wana bima ya matunzo inaitwa kaigo hoken, ukifika miaka 40 unaanza kukatwa upende usipende, ukizeeka ukashindwa kujihudumia anakuja mtu nyumbani na fomu ya vipengele 74, unaweza kujigeuza kitandani, unaweza kukata kucha, unaikumbuka tarehe yako ya kuzaliwa, kompyuta inatoa daraja la awali halafu jopo linakaa kuamua, unapangiwa huduma na wewe unachangia asilimia 10 tu kama kipato chako ni cha kawaida. Mwaka 2006 wakaongeza vituo vya maeneo ambapo hokenshi anakaa ofisi moja na afisa ustawi wa jamii na mratibu wa huduma. Mfumo umenyooka, sikatai. Ila wote huo unaanza pale mtu anapojitokeza kuomba, na wazee wa kule ni wagumu kuomba balaa.

Nikupe nyumba moja. Bibi wa miaka themanini na kitu, yuko peke yake, jirani kamtonya mjumbe wa mtaa, hawa wanaitwa minsei-iin, ni balozi wa nyumba kumi fulani hivi ila wa mambo ya ustawi, anateuliwa kwa miaka mitatu na halipwi mshahara. Tumefika, tumevua viatu mlangoni, hokenshi kavigeuza vielekee nje, bibi anasema yuko vizuri hana shida yoyote, karibuni chai. Hokenshi hakutoa fomu hata moja. Akaingiza miguu kwenye kotatsu, ile meza fupi yenye hita chini na blanketi, akala achari ya figili aliyowekewa, akaisifia, akauliza umeiloweka lini na chumvi unatia kiasi gani, bibi ndo akachangamka sasa, anasimulia mpaka ya mama mkwe wake, na huku macho ya hokenshi yanatembea. Kalenda ya ukutani yenye vimfuko vya dawa, vya siku za karibuni havijaguswa. Magazeti yamepangwa mlangoni yakiwa yamekunjwa vilevile yalivyoletwa. Akaomba kwenda msalani, kumbe anataka kuona korido ina baridi kiasi gani na kama kuna pa kushika ukitoka bafuni, maana kule wazee wengi wanafia bafuni wakati wa baridi, unatoka kwenye maji ya moto unaingia kwenye chumba cha barafu, presha inacheza. Kipimo cha presha kilikuja mwisho kabisa kama vile kakikumbuka ghafla. Aliandika tulipokuwa ndani ya gari, na aliandika ukurasa mzima.

Hiyo achari ya chumvi sio utani. Ukanda ule ulijulikana kwa kiharusi, chumvi nyingi na baridi kali, na watu wa afya wamepambana na hali hiyo miaka na miaka. Pia imani ya wananchi kwa hawa manesi haikuja bure. Kulikuwa na kijiji cha Sawauchi, mkoa wa Iwate, theluji ilikizika nusu mwaka, kilikuwa maskini na watoto wachanga walikufa sana. Mwaka 1957 akaingia mwenyekiti wa kijiji anaitwa Fukazawa Masao, akanunua mitambo ya kusafisha barabara, akaajiri hokenshi wazunguke nyumba kwa nyumba, akafanya matibabu bure kwa wazee na watoto wachanga wakati serikali kuu haijataka kusikia hilo jambo, na mwaka 1962 kijiji kikamaliza mwaka bila kifo hata kimoja cha mtoto mchanga. Wazee wa kule wanamtaja mpaka leo.

Sasa risechi, hapa ndo nataka utulie mkuu maana mada uliyoandika, “ushiriki wa wazee kwenye vikundi vya mazoezi na ubora wa maisha”, kila mgeni anaichagua hiyo. Naelewa kwanini. Vikundi viko kila kona, mfano yale mazoezi yaliyoanzia jiji la Kochi mwaka 2002, wazee wanakaa kwenye viti wanafunga mikanda ya vyuma mikononi na miguuni, gramu 200 mpaka kilo 2.2, wanafuata video polepole wanahesabu kwa sauti. Unaenda pale ukumbini, unagawa madodoso, wazee wapole wanajaza yote na peremende wanakupa, data imejaa ndani ya wiki. Unapiga mahesabu unakuta wanaoshiriki wana afya nzuri. Sasa mkuu, mwenye miguu mibovu angefikaje ukumbini? Umepima watu waliofika, halafu unasema ukumbi umewapa afya. Supavaiza anaweza kukupitishia hiyo na ukapata cheti, ila hokenshi wa eneo akiisoma atatabasamu kwa heshima na kuifungia kabatini.

Watafiti wakubwa wa kule walilikwepaje tatizo hilo? Mji wa Taketoyo, mkoa wa Aichi, halmashauri na wananchi wa kujitolea walianza kufungua vijiwe vya wazee mwaka 2007, na watafiti wa mradi wa kuchunguza afya ya wazee unaoitwa JAGES wakawafuatilia kwa miaka mitano. Swali lilikuwa lilelile, wanaokuja si ndo wazima tayari? Wakatumia umbali wa kutoka nyumbani kwa mzee mpaka kijiweni. Fikiria, mzee kajenga nyumba yake miaka arobaini iliyopita, hakujua kama kijiwe kitafunguliwa karibu yake, kwahiyo ukaribu ule ni bahati tu, hauna uhusiano na afya yake, lakini unaongeza uwezekano wa yeye kwenda. Ukipitia njia hiyo unaanza kutenganisha faida ya kijiwe na uzima wa mtu aliokuja nao. Matokeo yakawa bado yanaonesha wanaoshiriki wanaingia kwenye utegemezi kwa kiwango cha karibu nusu ya wasioshiriki. Hiyo sasa unaweza kumpelekea mkurugenzi wa halmashauri.

Nyingine ninayoipenda zaidi ni ya Ohasama, mji mdogo wa Iwate, mwishoni mwa miaka ya 1980. Hawakuita watu waje kupimwa, mashine za presha ndo zilipelekwa majumbani, madaktari na hokenshi wakawafundisha wananchi kujipima wenyewe asubuhi, ndani ya saa moja baada ya kuamka, umeshakojoa, hujala na hujameza dawa. Miaka ikapita wakaangalia nani kafa na nani kapata kiharusi, wakakuta namba za nyumbani zinatabiri vizuri kuliko zile za kliniki. Ile 135 kwa 85 ambayo leo inatumika kama mpaka wa presha ya kupima nyumbani, data zake kwa sehemu kubwa zinatoka kwa wakulima wa pale. Bila hokenshi anayeaminika kugonga mlango, mashine zingekaa kwenye maboksi yake.

Na Iwanuma, Miyagi. Wazee wote wa mji walitumiwa madodoso Agosti 2010, miezi saba baadaye Machi 11, 2011 tsunami ikapiga. Kwahiyo walikuwa na taarifa za watu kabla ya janga, kitu ambacho karibu hakuna mtu duniani anacho. Walivyowafuatilia wakakuta waliohamishwa kwa pamoja na majirani zao ushirikiano wao ulikaa vizuri, waliopangiwa nyumba kwa bahati nasibu mmoja mmoja ukapungua. Mtu wa mipango miji akiijua hiyo analala na kazi ya kufanya.

Sasa ukifika utaingiaje? Usidhani barua ya chuo inatosha. Kamati ya maadili ya chuo inapitia kila kitu mpaka bahasha, hiyo utaizoea. Kazi ni mtaa. Mimi nilipelekwa kwa mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa na hokenshi mwenyewe, tukanywa chai, hakuna aliyetaja risechi mpaka tunakaribia kuondoka. Baadae tangazo langu likawekwa kwenye kairanban, lile jalada linalopita nyumba kwa nyumba, kila kaya inasoma, inagonga muhuri au kuweka alama, inampa jirani. Ukishapita humo umeruhusiwa na mtaa, na asiyetaka ana nafasi ya kukukwepa bila kukuaibisha. Na kwenye intavyuu jiandae, ukiuliza “una upweke?” utajibiwa hapana siku nzima. Uliza mara ya mwisho kuongea na mtu ilikuwa lini, ataanza kuhesabu kwa vidole, na akikaa kimya usimkatishe.

Kuna la kulalamika pia. Miaka ya 2000 waliunganisha halmashauri nyingi sana, kutoka zaidi ya 3,200 mwaka 1999 mpaka kama 1,700 mwaka 2010, maeneo yakawa makubwa, na hokenshi sasa anagawiwa kazi kwa mada, huyu chanjo, huyu afya ya akili, huyu vipimo vya kitambi, anashinda kwenye kompyuta. Wale wakongwe niliozunguka nao walikuwa wanaliongelea hilo kwa uchungu kabisa. Kwa maoni yangu hapo ndo kuna mada nzuri ya nesi mgeni: anayeishi mbali na kituo sasa anafikiwa na nani? Tena sisi tunaijua Japan zaidi kwa 5S-KAIZEN ya hospitalini, ule utaratibu wa kupanga na kuboresha kazi, iliyoanzia pale Rufaa Mbeya, hii ya hokenshi kuzunguka nyumba hatujaiangalia vya kutosha.

La kubaki kufanya kazi: kwa nesi ni gumu. Ule mpango wa kuchukua manesi kwa mikataba ya nchi ni wa Indonesia, Ufilipino na Vietnam. Wewe utahitaji Kijapani cha ngazi ya N1, ile ya juu kabisa kwenye mtihani wa lugha, ndo vyeti vyako vifikiriwe, halafu mtihani wa taifa, unafanyika mara moja kwa mwaka mwezi Februari, kwa Kijapani. Wanaokwambia “utaajiriwa tu” wanaongelea viza ya ujuzi maalum iliyoanza 2019, kwenye sekta yetu hiyo ni kazi ya kuhudumia wazee, sio unesi, ingia ukijua.

Kabla ya kumwandikia profesa, badilisha hiyo mada, iweke hapa tuichambue. Na anza kusoma kanji, zile herufi zao ngumu, leo, usisubiri viza.